Majeneza 200 yasiyo na mifupa: Djon Mundine na safari ya sanaa ya Waaborijini

(Niliiongea hii mbele ya wasanii na wanafunzi wa sanaa hapa Dar es Salaam. Watu wakaomba niiandike, nimeiandika kama nilivyoiongea, nimetoa tu vicheko na kelele za feni.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimepewa dakika arobaini na mi nikishika maiki huwa siiachii, kwa hiyo yule dada pale mbele akianza kunionyesha saa msimuone ana roho mbaya, katumwa.

Kabla ya yote kuna jambo naomba nilifanye. Kule Australia ukiingia makumbusho kubwa, au hata ukiwasha tivii, mara nyingi linatangulia tangazo, linawaambia Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa kule, na watu wa visiwa vya Torres Strait kwamba humu mna majina na picha za watu walioshafariki. Manake kwenye jamii nyingi za kule mtu akifa jina lake halitajwi hovyo, linapumzishwa, linaweza kupumzika miaka. Sisi hapa tukishasema "marehemu" tunaona tumemaliza adabu zote. Leo nitataja wazee kadhaa ambao hawapo, nawataja kwa heshima, na kama kuna mtu wa kule anakuja kusoma haya baadae basi anipokee.

Sasa mada niliyopewa ilikuwa "jinsi ya kuipeleka sanaa yetu kimataifa". Nikaitazama ile karatasi nikasema hapa wananitaka niwaambie galari gani ya Ulaya ina hela na barua pepe inaandikwaje. Hayo sina. Ninachokuja nacho ni habari ya mtu mmoja anaitwa Djon Mundine, wengi wenu hamjawahi kumsikia, ni kyureta, ni Muaborijini, na kazi ya watu wa kwao kaifikisha Ujerumani, Uingereza, Denmark, Cuba, Urusi, wapi wapi. Lakini nataka tuangalie alianzia wapi, manake hapo ndo kwenye mambo.

Hili neno kyureta kwanza. Naona siku hizi hata mtu kapanga picha tatu kwenye kibaraza cha baa, kyureta. Mi nalielewa hivi: ni yule anayechagua kazi gani ionyeshwe, ikae jirani na ipi, chini yake paandikwe nini, na siku mwenye kazi akimuuliza "nani kakuruhusu" awe na jibu. Hilo la mwisho ndo wengi tunalikimbia.

Mundine alizaliwa 1951, mtu wa Bandjalung, pwani ya mashariki ya Australia, kaskazini mwa jimbo la New South Wales. Mjue 1951 Waaborijini walikuwa hata kwenye sensa ya nchi yao hawahesabiwi rasmi, katiba ilikuja kubadilishwa kwa kura ya maoni mwaka 1967. Yaani kijana anafika miaka kumi na sita ndo serikali inakubali kumhesabu.

Mwaka 1979 akaenda kufanya kazi Milingimbi, kisiwa kidogo kaskazini kabisa, Arnhem Land, na baadae Ramingining upande wa bara. Cheo chake kilikuwa mshauri wa sanaa. Na msidhani alikuwa anarudi kijijini kwao, hapana. Ni sawa na umchukue Mhaya umpeleke Newala, wote Watanzania lakini lugha ya pale haijui, jando la pale hajalipitia, hana mjomba, hana shangazi, anaanza kama mgeni. Watu wa Ramingining ni Wayolngu, na mji wenyewe uko zaidi ya kilomita 500 mashariki ya Darwin, masika barabara inakufa na kinachoingia ni ndege ndogo.

Hapo alikaa mpaka katikati ya miaka ya 90. Miaka kama kumi na sita hivi! Sisi mtu akikaa wiki mbili kwa Wamakonde anarudi ni mtaalamu.

Kazi ya mshauri wa sanaa ikoje? Anawanunulia wachoraji kazi zao, hela mkononi siku hiyo hiyo, anaandika hadithi ya kila picha na mwenye haki nayo, anafunga mizigo, anatafuta ndege, anabishana na wanunuzi wa Sydney kwa simu. Na picha zenyewe ngoja niwaelezee maana hapa mna wachoraji. Wanachora kwenye gome la mti. Gome halikatwi wakati wowote, linakatwa msimu wa mvua kwa sababu maji yamepanda kwenye mti na gome linabanduka kama ganda la ndizi. Kisha linapitishwa kwenye moto, lile bomba linalainika na kufunguka, linalazwa chini, juu yake yanawekwa mawe, linaachwa siku kadhaa likae bapa. Rangi ni ngeu, ndio hii hii ngeu, na udongo wa njano, udongo mweupe na mkaa. Brashi ya ile mistari myembamba ni nywele chache za binadamu, ndefu, zimefungwa kwenye kijiti. Mchoraji anailaza brashi juu ya gome kisha anaivuta taratibu, nywele nzima inalala chini inaacha mstari mmoja mwembamba kama uzi, anarudia, anarudia, mpaka mistari inakatizana na picha inaanza kumeremeta machoni kama inatikisika. Siku nzima mtu kafanya kipande kama kiganja.

Na ile mistari sio urembo. Huo ndo ufunguo wa kila kitu ninachosema leo. Kila ukoo una mchoro wake, umeshikana na ardhi ya ukoo huo, na visima vyake na nyimbo zake, na sio kila mtu wa ukoo anaruhusiwa kuuchora, na wa ukoo mwingine ndo kabisa asiuguse. Ni kama hati ya kiwanja. Mwaka 1963 wenzao Wayolngu wa Yirrkala walipoona serikali inagawa ardhi yao kwa watu wa migodi waliandika malalamiko kwenda bungeni, karatasi imepigwa chapa kwa lugha mbili, wakaibandika kwenye gome, pembeni kuzunguka wakachora michoro ya koo zao. Wabunge labda waliona kitu kizuri cha kutundika. Wenyewe walikuwa wametuma hati.

Ukishaelewa hilo utaelewa kwa nini noti ya dola moja ni kisa kizito. Mwaka 1966 Australia inaacha pauni inaingia kwenye dola, noti mpya zinatoka, nyuma ya noti ya dola moja kuna mchoro wa Kiaborijini. Mzuri kweli. Umetoka kwenye gome la mzee David Malangi, mtu wa maeneo hayo hayo ya Ramingining na Milingimbi, mchoro wa msiba wa mwindaji wa kale wa ukoo wake. Gome lenyewe alilinunua mkusanyaji wa Ulaya likaishia Paris, picha yake ikafika benki kuu, watu wakaona hiyo ni sanaa ya "wenyeji", mchoraji nani atamjua, wakaweka. Mzee Malangi hakuulizwa. Ni mwalimu wa shule huko ndo aliiona noti akasema hee, hii kazi mbona ya fulani. Gavana wa benki kuu akaja kumlipa dola 1,000, medali ya fedha, na vifaa vya kuvulia samaki.

Vifaa vya kuvulia samaki jamani. Mchoro wako uko kwenye kila mfuko wa kila mtu nchi nzima wanunue mkate na bia, na wewe unapewa ndoano.

Basi huyo mzee ndo mmoja wa watu Mundine aliokaa nao. Mwaka 1979, ule ule aliofika Mundine, Malangi na wenzake wawili, George Milpurrurru na Johnny Bungawuy, walionyesha kazi kwenye Biennale ya Sydney, yaani kwenye maonyesho ya sanaa ya kisasa, bega kwa bega na wasanii wa Ulaya na Marekani. Mlango umeanza kufunguka. Lakini mlango ukifunguliwa kidogo unaweza ukakubana vidole vile vile.

Twende 1988. Mimi hapa ndo nachelewaga kwenye hii hadithi, mnivumilie.

Australia inajiandaa kusherehekea miaka 200 tangu meli za Waingereza zitie nanga Sydney, tarehe 26 Januari 1788. Mashua, fataki, wafalme, ruzuku za serikali kila kona, kila taasisi inatafuta kitu cha kusherehekea. Waaborijini wengi wanasema sisi tusherehekee nini, na siku yenyewe ilipofika waliandamana Sydney maelfu kwa maelfu. Mundine yuko Ramingining anajua kwamba kila mji wa Australia, hata kamji kenye baa moja, kana mnara wa askari waliokufa vitani Uturuki na Ufaransa, lakini waliokufa wakitetea ardhi yao wenyewe ndani ya Australia hawana hata jiwe. Wengi wao hawakuzikwa kwa taratibu zao. Walipigwa risasi, walikufa kwa magonjwa, basi.

Sasa watu wa Arnhem Land wana taratibu ya mazishi ya mara ya pili. Mtu akishafariki na muda mrefu ukapita, mifupa yake inakusanywa, inapakwa ngeu, inatiwa ndani ya gogo lenye uwazi. Gogo halichongwi ndani na mtu, limeliwa na mchwa likiwa bado mti umesimama, wanatafuta mti ambao mchwa wamefanya kazi vizuri. Nje linachorwa mchoro wa ukoo wa marehemu kama alivyochorwa yeye mwili wake, linachezewa ngoma, linasimamishwa, linaachwa lioze lenyewe. Wanayaita kwa majina mbalimbali, dupun, badurru.

Mundine akawaza: magogo 200. Moja kwa kila mwaka. Akakaa na wazee wakaliongea hilo, wakakubali, wachoraji 43 wa Ramingining na vijiji vya jirani wakaingia kazini, Malangi akiwemo, Milpurrurru akiwemo, mzee Paddy Dhathangu, Jimmy Wululu. Hela ilitoka kwa jumba la sanaa la taifa kule Canberra, Mundine alimfuata mkurugenzi James Mollison akakubali kuinunua kazi ambayo ilikuwa bado haijakamilika. Yaani nchi inajiandaa kwa sherehe, jumba la taifa linanunua makaburi. Nikifikiria ule ujasiri wa kupeleka ombi hilo huwa nacheka peke yangu.

Yalionyeshwa kwanza Sydney, kwenye Biennale ya 1988, kwenye ghala la gati bandarini. Baadae yakahamia Canberra na yapo mpaka leo. Na hayakupangwa kwa urembo, warefu nyuma wafupi mbele, hapana. Katikati kuna njia ya kupita na hiyo njia ni mto Glyde, mto wa kwao, kila gogo limesimama upande ambao ukoo wa aliyelichora una ardhi yake pembeni ya mto. Unatembea ndani ya galari unapanda mto bila kujua.

Ndani hamna mifupa. Kila gogo ni tupu, maana waliokusudiwa mifupa yao haijulikani iko wapi.

Mwaka 1999 na 2000 yale magogo yalisafiri, Lausanne, Hannover, na yakaingia Hermitage kule Saint Petersburg, nyumba ya wafalme wa Urusi, dhahabu hadi kwenye vitasa vya milango. Sasa hapo ndo tunaweza kusema kimataifa. Lakini hesabuni: ni miaka ishirini tangu yule bwana ashuke Milingimbi.

Katikati hapo alifanya mengine. Mwaka 1993 yalifunguliwa Düsseldorf, Ujerumani, maonyesho yanaitwa Aratjara, yakaenda Hayward Gallery London na Louisiana kule Denmark. Aliyeyahangaikia ni msanii Mswisi, Bernhard Lüthi, kwa miaka mingi, na Mundine alikuwa mmoja wa vichwa vyake. Kilichokuwa kipya ni kwamba walikataa katakata kupeleka kazi kwenye makumbusho ya makabila. Walitaka majumba ya sanaa ya kisasa na sio kwingine. Na waliweka magome ya Arnhem Land pamoja na kazi za Waaborijini wa mjini, wapiga picha, watu wa siasa kali, ili mzungu asije kusema "wa kweli ni wale wa porini, hawa wa Sydney wamechakachuliwa".

Mnaona huo ugomvi ni mdogo? Mwaka 1994, mwaka mmoja tu baada ya Düsseldorf na humo humo Ujerumani, mwenye galari mmoja wa Melbourne, mama Gabrielle Pizzi, aliomba nafasi kwenye soko kubwa la sanaa la Cologne. Mama huyu kafanya kazi kubwa sana, mwaka 1990 alishapeleka kazi za Waaborijini Venice. Cologne wakamkatalia. Sababu? Hiyo ni sanaa ya jadi, sio ya kisasa. Wachoraji wako hai, wengine wanachora kwa akriliki, rangi haijakauka vizuri, lakini ni "jadi". Kelele zikapigwa huko Australia na Ulaya, lakini mjue hiyo ndo hali ilivyokuwa.

Na sisi huku tunaijua. Kuna mwaka nilikuwa mji mmoja wa Ulaya, jina silitaji, nikaingia kwenye maonyesho fulani nikakuta picha ya tingatinga, ndege na mbuyu, kikaratasi cha chini kimeandikwa "Tanzania, msanii hajulikani". Nikasogea. Kwenye kona ya chini kulia jina limeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, linasomeka ukiwa mlangoni. Nikamwita msichana wa pale nikamuonyesha kwa kidole, akaniambia asante, atawafahamishia wahusika. Nilipopita tena baada ya siku nne kikaratasi kilikuwa kile kile. Ile sio chuki, ni kwamba kichwani mwao hiyo picha imetoka kwa kabila na kabila halina saini.

Na kwa kuwa nimeshataja tingatinga, mnajua hizi hadithi ni za umri mmoja? Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar mwaka 1968, vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli. Kule katikati ya jangwa la Australia, Papunya, mwaka 1971, wazee wanachora ukuta wa shule kisha wanahamia kwenye vipande vya mbao, hadibodi, chochote kilichobaki kwenye ujenzi. Hawakujuana hata kidogo. Ila Papunya mwaka 1972 wachoraji wakaunda kampuni yao wenyewe, Papunya Tula, ya wachoraji, na ipo hadi leo. Ushirika wetu wa Tingatinga ulikuja kusajiliwa 1990, mzee mwenyewe kashafariki tangu 1972.

Haya mengine nayapitia haraka dada kaanza kuniangalia. Kwenye Biennale ya Venice, Italia, mwaka 1990 walipelekwa Rover Thomas na Trevor Nickolls kuiwakilisha Australia, Waaborijini wa kwanza. Venice 1997 wanawake watatu, Emily Kame Kngwarreye, Yvonne Koolmatrie, Judy Watson, na walioandaa ni Hetti Perkins na Brenda Croft, Waaborijini wenyewe, pamoja na Victoria Lynn. Emily alikuwa kashafariki mwaka mmoja nyuma. Mama huyu alianzia kwenye batiki, ndio hii batiki ya mishumaa mnayoijua, miaka ya 70, kanvasi kaishika akiwa bibi wa karibu miaka themanini na kwa miaka yake nane hivi ya mwisho kachora kazi zinazokadiriwa 3,000. Mwaka 2008 kazi zake zikaonyeshwa Osaka na Tokyo, mwaka 2025 jumba la Tate Modern London. Na mwaka 2024 msanii Archie Moore akachukua tuzo ya Simba wa Dhahabu kule Venice kwa banda la Australia, kachora kwa chaki ukoo wake ukuta mzima unarudi nyuma miaka 65,000.

Paris 2006 hapo sipiti haraka, kuna samaki. Makumbusho ya Quai Branly ilipojengwa waliwaita wasanii nane wa Kiaborijini wapambe jengo moja, dari na kuta, Perkins na Croft ndo wasimamizi. Watu waligombana sana, wengine wanasema ni heshima, wengine wanasema mmewafanya wachoraji wa silingi kwenye makumbusho ya makabila ile ile tuliyoikimbia. Mi niko katikati, nawaelewa wote. Mwaka 2013 mama Lena Nyadbi, mmoja wa wale nane, mchoro wake ukawekwa juu ya paa, paa zima, mweusi na mweupe, ukiwa chini barabarani huoni kitu, unauona ukiwa juu ya mnara wa Eiffel. Ni magamba ya samaki. Huyo samaki wanamwita barramundi na ni ndugu wa damu wa sangara wetu wa Ziwa Victoria, wanasayansi wamewaweka jenasi moja. Kwenye hadithi za kwao samaki aliponyoka wavu wa wanawake, magamba yakamwagika, yakawa almasi, na kweli hapo pamekuwa na mgodi mkubwa wa almasi wa Argyle mpaka ulipofungwa 2020. Kwa hiyo watalii wanapanda Eiffel wanapiga selfi, chini yao kuna hati ya kiwanja chenye almasi iliyoondoka.

Sasa hela. Najua mnasubiri.

Mzee Johnny Warangkula Tjupurrula wa Papunya aliuza picha yake ya maji mwaka 1972 kwa dola 150. Mwaka 1997 ikauzwa kwenye mnada dola 206,000. Yeye yu hai, mzee, maisha magumu, hakupata kitu. Mwaka 2000 ikauzwa tena, zaidi ya dola 480,000. Tena hakupata. Alifariki 2001. Kesi kama hizo ndo zilisukuma mpaka Australia ikatunga sheria mwaka 2009, picha ikiuzwa tena kwa dola 1,000 au zaidi mchoraji au warithi wanapata asilimia 5. Wenzetu Kenya waliingiza haki ya namna hiyo kwenye marekebisho ya hakimiliki 2019. 

Na kuna kesi ya mazulia. Kampuni moja ya kule iliagiza mazulia yametengenezwa Vietnam yana michoro ya Kiaborijini, imenakiliwa kutoka kwenye machapisho ya jumba la sanaa la taifa, michoro mingine ni ya siri za ibada, sasa watu waifagie na kuikanyaga na viatu. Wasanii wakaenda mahakamani, jina la kwanza kwenye kesi ni Milpurrurru, yule yule wa Ramingining. Wakashinda mwaka 1994, karibu dola 188,000. Lakini kilichonikaa mimi ni alichoeleza Banduk Marika, msanii mwenzao: mchoro wake ukitumika vibaya, ukoo wake unamuuliza yeye. Hata kama hakujua. Hata kama mwizi yuko Hanoi. Yeye ndo alipewa dhamana ya ule mchoro na atawajibika.

Kwa hiyo mtu wa Dar akiniambia "bro, nitumie picha za wasanii wako niweke kwenye katalogi huko nje, tutaongea baadae", namuuliza hiyo baadae nani ataulizwa, mimi au wewe. Mundine alikaa ili awe mtu anayeweza kuulizwa. Alipotoka Ramingining alifanya kazi makumbusho kubwa za Sydney na Canberra, alikuwa mtafiti Osaka, nishani ya taifa alishapewa kabla hajatoka, mwaka 1993, na 2020 akapewa tuzo ya Red Ochre, yaani ngeu nyekundu, ambayo ni ya Waaborijini kwa mtu wao aliyetumikia sanaa maisha yake yote. Nishani ya taifa ni sawa. Lakini hiyo ya ngeu ndo ningeining'iniza sebuleni.

Basi namalizia, dada nimekuona.

Nilipata kufika Canberra, nikayaona yale magogo. Nilidhani nitaona maajabu, ila kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba mengine yamenizidi urefu na mengine ni kama mtoto wa darasa la pili, kama watu tu waliosimama. Nikapita ile njia ya mto taratibu. Kwenye baadhi ya magogo, karibu na juu, kuna katundu. Mi na umbea wangu nikainua visigino nikaweka jicho nichungulie ndani kuna nini. Giza. Baadae ndo nikasoma maelezo, kumbe katundu kale hakajatobolewa ili sisi tuchungulie ndani. Ni kwa ajili ya roho ya marehemu, itazame nje, iione ardhi yake.

Na mimi nimesimama pale nimeziba na kichwa.

Haya, maswali. Yule kijana wa nyuma mwenye kofia, anza wewe.